Jibu Nililolikata kwa Wino Mwekundu

Msomaji, nataka kukusimulia kosa langu, kwani mwalimu afichaye makosa yake huwafundisha wanafunzi wake kuficha yao.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu, nikifundisha kemia Kikopey, kando ya barabara kuu iendayo Nakuru, mahali ambapo wasafiri hushuka kula nyama choma na kutazama ziwa Elementaita likimeta bondeni. Siku moja nilifundisha habari za kifungo cha hidrojeni. Nilieleza kuwa atomu ya hidrojeni iliyoshikwa na oksijeni, nitrojeni au florini huweza kuvutwa pia na atomu ya molekuli jirani. Kwa mvuto huo molekuli za maji hushikamana, na zikiganda hujipanga kwa safu na taratibu, zikawa fuwele za barafu.

Katika mtihani, mwanafunzi mmoja aliandika kuwa hata hidrojeni iliyoshikwa na kaboni huweza kuvutwa vivyo hivyo na oksijeni. Nililikata jibu lake kwa wino mwekundu. Alipokuja kuniuliza sababu, nilimjibu, "Kitabu hakisemi hivyo." Akaondoka, na tangu siku ile hakunyosha mkono tena darasani.

Ukimya wake ulinisumbua, nikaanza kusoma. Nikakuta habari za June Sutor, mwanamke mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi Uingereza. Mwaka 1958 alieleza mpango wa molekuli katika fuwele za kafeini, kitu kile kile kituchangamshacho katika chai ya asubuhi. Mwaka 1962 alionyesha kuwa katika fuwele kadha wa kadha, hidrojeni ya kaboni hukaa karibu na oksijeni ya jirani kuliko ambavyo ingekaa kama pasingekuwa na mvuto baina yao. Walakini mwaka 1968 Jerry Donohue, mtaalamu aliyeheshimiwa sana, alilipinga wazo hilo, na kwa miaka mingi wengi hawakulijali.

Ushahidi wenyewe ulikuwa mgumu kupatikana. Eksirei hutambua atomu kwa elektroni zake, na hidrojeni ina elektroni moja tu. Huonekana kwa shida, kama mtoto aliyesimama nyuma ya watu wazima. Nyutroni, kinyume chake, hutambua kiini cha atomu. Mwaka 1982 Robin Taylor na Olga Kennard wa Cambridge walichambua fuwele 113 zilizopimwa kwa nyutroni, wakathibitisha kuwa Sutor alikuwa amesema kweli. Mvuto huo ni dhaifu kuliko ule wa molekuli za maji, lakini kidole kimoja hakivunji chawa: vifungo hivyo vikiwa vingi, husaidia kuamua jinsi molekuli zitakavyojipanga.

Nilimwita yule kijana nikamwuliza alikopata jibu lake. Akasema, "Mwalimu, nilifikiri tu. Kaboni ikizungukwa na atomu zinazovuta elektroni kwa nguvu, hidrojeni yake hupungukiwa. Aliyepungukiwa hutafuta kwa jirani."

Niliona haya. Hakunakili mahali popote. Alikuwa amefuata kanuni niliyomfundisha mimi mwenyewe, akaifikisha mbele kuliko nilivyothubutu kuifikisha. Kesho yake nilisimama mbele ya darasa zima, nikakiri kosa langu na kumrudishia alama zake. Alama zilirudi kwa dakika moja. Mkono wake ulichukua muhula mzima kunyoka tena.

Nawe, msomaji, siku moja jibu lako litakatwa. Huenda ni kosa kweli, basi lisahihishe. Lakini kwanza uliza sababu, na ukijibiwa kuwa kitabu hakisemi hivyo, uliza tena kwa adabu: kitabu kilipima nini, na kwa chombo gani?