Sambaza na meza za Bukavu: mwenye mfuko mdogo ale wapi?

Kila ninapopita sokoni na mikrofoni, wasikilizaji wananisimamisha. Siku hizi wengi wao ni jamaa waliofika Bukavu kwa sababu ya vita: wametoka Minova, Kalehe, Goma, wengine uwanda wa Ruzizi. Wanalala kwa ndugu, ao kwa watu waliowafungulia mlango tu. Swali lao ni moja: hapa mtu anakula samaki wapi bila kumaliza pesa yote ya juma?

Mombasa na Zanzibar wana bahari. Sisi pwani yetu ni ziwa Kivu. Mji wetu umekaa juu ya rasi tano zinazoingia majini kama vidole vya mkono. Kwa hiyo nimezunguka masoko na resto ndogo, zile wengine wanaita malewa. Nimekula, nimeuliza bei, nimesikiliza akina mama. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Samaki wa kwanza ni sambaza. Ni kasamaki ka urefu wa kidole, kanang'aa kama bati jipya. Asubuhi utawakuta Beach Muhanzi, mahali pirogi zinaposhusha ndizi, mihogo na samaki, na baadaye utasikia akina mama wakipanda vilima na besani kichwani: "Sambaza! Sambaza mbichi!" Wanapima kwa kopo ao kwa sahani.

Anavuliwa usiku. Wavuvi wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu na kuwasha taa. Samaki wanafuata mwangaza, kisha wavu unainuliwa toka chini. Ndiyo maana mwezi ukiangaza sana mavuno yanapungua: mwangaza umejaa kila mahali, taa ya mvuvi haivuti tena. Na ndiyo maana usiku ambao wavuvi wanaogopa kutoka, ao wanakatazwa, asubuhi yake besani zinakuja nusu na bei inapanda. Bei ya sambaza hapa Bukavu ni habari ya usalama pia.

Ukinunua mbichi, tazama macho yake: yawe maangavu na yang'ae. Tumbo lisiwe limepasuka. Harufu iwe ya maji, si ya kuoza. Kama huna makala ya kutosha, nunua waliokauka, lakini wavunje mmoja kwanza. Wakati wa mvua jua halitoshi, na samaki aliyekauka nje tu huku ndani ana maji hatafika siku tatu ndani ya nyumba.

Watu wengi hawajui kwamba sambaza si mzaliwa wa Kivu. Aliletwa toka ziwa Tanganyika mwaka 1959, wakati wa Wabelgiji. Mto Ruzizi unatoka hapa kwetu na kushuka mpaka Tanganyika, lakini maporomoko yake hayamwachi samaki wa kule apande. Ilibidi watu wabebe vitoto vya samaki kwa maelfu. Katikati ya ziwa letu hapakuwa na samaki wa kula vile vijidudu vinavyoelea majini, na wataalamu walitaka nafasi hiyo ijae. Kati ya aina mbili za ndagala wa Tanganyika, moja ndiyo iliyoshika, na ndiyo tunayoiita sambaza. Miaka mingi ilipita kabla ya uvuvi wake kuwa kazi ya watu wengi.

Nyanya yangu alizaliwa Kabare, kando ya ziwa, na aliolewa kabla ya sambaza kujulikana. Mpaka uzee wake aliwaita "wale wageni," na aliwala kila juma.

Niliyasimulia hayo kwenye resto moja karibu na soko la Kadutu. Ni nyumba ya mbao, hema juu, mabenchi mawili na ndoo ya kunawa mikono mlangoni. Mama mwenye resto anapika bugali ya muhogo iliyochanganywa na mahindi, sombe yenye mawese, na sambaza wakavu ndani yake. Chumvi ya samaki inaingia kwenye majani, na sahani moja inatosha watu wawili wasio na njaa ya kupita kiasi. Mama mmoja toka Kalehe, aliyekuwa anakula na watoto wake wawili, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Basi huyu samaki alipewa miaka. Na sisi watupe miaka." Tulinyamaza wote. Mwenye resto akachota kijiko kingine cha sombe na kumwekea, bila kusema kitu.

Kule Nyawera utawapata wa kukaanga, wazima na vichwa vyao, wakavu kama biskuti, na ndimu, kitunguu na pilipili pembeni. Ni chakula cha kusimama, cha mtu anayetoka kazini. Onyo langu ni moja tu: tazama mafuta ya kikaango. Yakiwa meusi, endelea na safari yako, mbele kuna mama mwingine. Hoteli kubwa za pembeni ya ziwa nazo zinawaleta mezani katika sahani nyeupe. Samaki ni yule yule. Unalipa kiti na maji unayoyatazama.

Tilapia wa ziwa ni wa siku ya mgeni ao ya sherehe. Wanamchoma juu ya makala, ama wanamtia kwenye mchuzi wa tomati. Mukeke anatoka Tanganyika, anapandishwa toka Uvira, na nyama yake ina mafuta mazuri. Ndagala nao wanatoka huko, wamekauka ndani ya mifuko. Lakini safari yao ni zaidi ya kilometa 100, na barabara ya Kamanyola ikisikika na risasi, wanapotea sokoni kabla ya redio kutangaza lolote. Hapo watu wanarudi kwa makayabu na samaki wa barafu waliotoka mbali, ao kwa maharagi.

Kwa hiyo sambaza ndiye anayebaki, na mimi nina wasiwasi naye. Ziwa Kivu linafika mita 485 hivi kwenda chini, lakini samaki hawana nafasi yote hiyo. Chini kuna gesi, wala hakuna hewa ya kupumua; wanaishi katika sehemu ya juu tu, mita 60 hivi. Ziwa linaloonekana kubwa lina chumba kidogo cha kukaa. Sasa wengine wanavua kwa vyandarua, vile vya mbu, karibu na ufuko mahali vitoto vinapokulia. Wanaokota vitoto ambavyo havijazaa hata mara moja. Mvuvi mmoja aliniambia waziwazi kwamba wavu wake halali uliibwa, kipya kina bei ya kumshinda, na nyumbani anahesabu vinywa tisa. Kumfukuza mtu kama huyo hakutoshi. Wakubwa na mashirika wanaogawa vyandarua na unga wafikirie pia nyavu za macho makubwa kwa wavuvi waliopoteza vyombo vyao, maana wengi wa waliokimbia Kalehe na Minova ni wavuvi wanaolijua ziwa hili kuliko sisi watu wa mjini.

Sisi wanunuzi nasi tuna kazi yetu. Ukiona kopo limejaa vitoto vya ukubwa wa sindano, usinunue, hata kama bei ni ndogo. Mwambie mama kwa heshima sababu yake. Mwaka kesho tutamhitaji samaki huyo akiwa amekua.

Na wewe uliyefika juzi, kama una njia ya kwenu ya kupika samaki wa ziwa, ile ya Minova, ya Idjwi ama ya Kalehe, nisimamishe sokoni unisimulie. Kwenye kipindi kijacho cha soko nitasoma mapishi matatu hewani, na ningependa yawe yenu.