Mtoto Mgongoni, Mwezi wa Saba

Watu wa kando ya Ziwa Tanganyika hucheka wakisikia kwamba Burundi kuna baridi. Mimi nimekulia Buyenzi, Bujumbura, ambako usiku wa manane mtu hujifunika shuka moja na bado akatokwa jasho, kwa hiyo nami nilikuwa mmoja wa wanaocheka. Kicheko kiliniisha Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, mume wangu akahamishwa na ofisi yake, nasi tukapanda mlima na magodoro yetu. Gitega iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya Bujumbura. Muyinga, kwa mama mkwe wangu, iko juu zaidi. Mwezi wa sita na wa saba, kiangazi kikiwa kimekaza, usiku hauna wingu la kuzuia joto la mchana lisipotee. Alfajiri huwa nyuzi kumi na kitu, ukungu umejaa mabondeni, na anayekusalimu anatoa mvuke mdomoni.

Nyuzi kumi na kitu si theluji, najua. Lakini nyumba zetu hazikujengwa kwa kuifikiria baridi hiyo. Juu bati, chini saruji, chini ya mlango nafasi ya kupitisha kidole, na kitu pekee cha kupasha joto ni jiko la mkaa, ambalo huku milimani kila mtu huliita imbabura. Ndani na nje havipishani sana. Mtoto anayezaliwa msimu huo anaikuta baridi chumbani, kabla hata watu hawajaanza kubishana kama atolewe nje au asitolewe.

Kubishana kwenyewe hakuishi. Kwetu Waislamu kuna arobaini: akika siku ya saba, kisha mama na mtoto hukaa ndani mpaka siku arobaini zitimie. Majirani zetu wa milimani wana sherehe yao ya gusohora umwana, kumtoa mtoto, nayo huja mapema kuliko yetu. Siidharau hata moja. Mzazi anapumzika, wageni wanapungua, na kichanga hakoholewi usoni na ukoo mzima. Shida ni kwamba arobaini inahitaji nyumba yenye watu wa kuteka maji, kupika na kwenda sokoni. Mama mkwe alinieleza kwamba yeye mwenyewe aliimaliza arobaini kwa mtoto wa kwanza tu, kwa sababu wakati huo mama yake alikuwa hai. Waliofuata walitoka naye kwenda kuvuna maharage kabla kitovu hakijapona vizuri.

Tena siku hizi mtoto ana safari zake mwenyewe. Chanjo ya kifua kikuu anatakiwa kuipata mara tu baada ya kuzaliwa, na akifikisha wiki sita, kumi na kumi na nne anarudi kwa nyingine. Tangu mwaka 2006 uzazi na matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano ni bure katika vituo vya serikali, jambo lililookoa wengi na kurefusha foleni. Anayetaka kuwahi anatoka nyumbani giza halijaondoka. Miaka hii ya uhaba wa mafuta, pikipiki ya kumbeba haipatikani, au inapatikana kwa bei ya kumfanya mtu atembee. Ndiyo maana ukisimama kwenye barabara inayoingia Gitega saa kumi na mbili asubuhi, saa ya baridi kuliko zote, unawaona akina mama na vichwa vidogo vyenye kofia za sufu migongoni. Na hapo hapo utamsikia mtu, mara nyingi mwanamume aliyevaa koti zito na mikono ameitia mfukoni: "Mama, huyo mtoto baridi itamuua!" Sijawahi kumsikia akiongeza, "Nipe nikubebee mzigo."

Wifi yangu alipitia kambi ya Lukole, upande wa Ngara, kabla hajapata njia ya kwenda Ulaya. Leo anaishi Oulu, kaskazini ya Finland. Alipojifungua huko wakati wa baridi, muuguzi wa kliniki alimuuliza kama mtoto ameshaanza kulala nje. Alidhani anatiwa mtegoni ili anyang'anywe mwanawe. Kumbe ni desturi yao: mtoto huvishwa sufu, huingizwa kwenye mfuko mnene, huwekwa ndani ya kigari barazani au uani, akalala usingizi wake wa mchana humo theluji ikianguka. Arvo Ylppö, daktari wa watoto aliyeheshimiwa kuliko wote katika nchi ile, aliwahimiza wazazi kuwatoa watoto nje wapate hewa safi na mwanga. Watafiti wa Oulu walipowauliza wazazi, wengi walisema huanza mtoto akiwa na wiki mbili, na kwamba usingizi wa nje hufaa zaidi ikiwa ni nyuzi chache chini ya sifuri. Nilipomsimulia mama mkwe habari hizi za wajukuu zake, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama watoto wa nchi hiyo wana wazazi.

Nilicheka, lakini nilimwelewa. Kila mahali pana kipimo chake cha mama mbaya. Mwaka 1997 Annette Sørensen, mwigizaji kutoka Denmark, alimwacha binti yake wa miezi kumi na minne kwenye kigari nje ya mgahawa mjini New York, yeye akiwa ndani karibu na dirisha, kama wanavyofanya kwao kila siku. Polisi walimkamata, na mtoto akachukuliwa na kutunzwa na wageni kwa siku kadhaa. Copenhagen asingegeuziwa hata shingo. Wifi yangu anaogopa kulaumiwa kwa kutomtoa mtoto nje, na mwanamke wa Gitega analaumiwa kwa kumtoa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini kesi husikilizwa na wapita njia.

Lakini baridi yenyewe si mzaha. Kichanga hawezi kutetemeka kama sisi ili ajipashe joto. Kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake, ngozi yake nyembamba, na akizaliwa kabla ya wakati hana mafuta ya kumsitiri. Mpwa wangu alijifungua hivyo mwezi wa saba, mtoto hata kilo mbili hakufika. Ukoo ulifika hospitali na rundo la mablanketi. Muuguzi aliyaweka kando, akamvua mtoto akabaki na nepi, kofia na soksi, akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kisha akawafunga wote wawili kwa kitenge. Akina shangazi walinuna. Njia hiyo ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez, waliokuwa na watoto wengi njiti kuliko mashine za kuwatunzia. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto wenye uzito chini ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie kwanza, walikufa wachache kwa robo kuliko waliosubirishwa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba mtoto njiti asisubirishwe.

Mama mkwe hakuhitaji kuelezwa haya na daktari. Alisema zamani kwao mtoto alibebwa kwa mbeleko ya ngozi ya kondoo, manyoya upande wake, joto la mama upande mwingine, akaenda shambani na kurudi. Kilichomshangaza ni kifua tu, maana kwao kifua ni cha kunyonyesha na mgongo ndio wa kubebea.

Na mgongo wenyewe una mtego, ambao hakuna anayeupigia kelele barabarani. Mtoto akikojoa, kitenge kinalowa, na mama aliye mwendoni hagundui upesi. Nguo mbichi kwenye upepo wa alfajiri, hasa juu ya pikipiki inayoteremka kilima, inamnyonya mtoto joto kuliko nyuzi zozote za kipimajoto. Mtoto wa Oulu analala kwenye baridi kali zaidi lakini ni mkavu, amekingwa upepo, na nyuma ya ukuta kuna chumba chenye joto anachorudi. Ningepewa nafasi ya kuongea kwenye foleni ya chanjo ningesema kitenge cha akiba tu, basi, nikakaa chini.

Au labda ningeongeza neno la mitumba. Sokoni Gitega zinauzwa suti za watoto za theluji, zile zilizojaa kama godoro, zimetoka Ulaya zilikotengenezewa baridi kama ile ya wifi yangu. Alfajiri zinafaa. Saa tano jua limewaka, mama bado yuko kwenye foleni, na mtoto ndani ya suti amekuwa mwekundu, analia, watu wanasema ana homa. Gusa shingo yake nyuma, kama ina jasho, mvue. Upendo wetu hupenda kuongeza nguo, na kuvua huonekana kama uzembe.

Ninalotaka kusema hasa linahusu chumba. Mtoto aliye mgongoni barabarani anaonekana na kila mtu, kwa hiyo kila mtu ana la kusema. Aliyefungiwa ndani haonekani. Dirisha limezibwa kwa gunia, imbabura iko katikati ya chumba, mlango umefungwa, na wote wanaopita nje wanaamini mama huyo ni mwangalifu. Nimonia ni miongoni mwa maradhi yanayoua zaidi watoto wadogo duniani, na Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kwa miaka kwamba moshi wa majiko ya ndani unakaribia kuzidisha maradufu hatari yake kwa mtoto. Vijidudu ndivyo vinavyoleta nimonia, navyo vinapenda chumba chenye watu wengi na hewa isiyotoka. Baridi hudhoofisha, sikatai. Lakini tunaikimbia kwa kuingia mahali pabaya zaidi, tena tunapongezwa.

Tulipokwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi kumwona mpwa na mtoto wake, walikuwa wameshatoka hospitali na kuingizwa kwenye chumba cha namna hiyo, chumba bora kuliko vyote nyumbani. Nilimwambia mama mkwe habari za moshi. Akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, makaa yakishakuwa mekundu hayana moshi. Yana kosa gani?"

Hapo ndipo penye hatari kuliko moshi. Makaa mekundu hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa inaweza kuwalaza watu wasiamke. Moshi angalau unakufanya ukohoe na ufungue mlango. Nilimweleza taratibu, kwa heshima, nikijua naongea na mwanamke aliyelea watoto milimani huku mimi nikipepewa na upepo wa ziwa. Alisikiliza, akajibu kwamba wote aliowalea kwa imbabura wako hai, mmojawapo ni mume wangu.

Tulipatana kama wanavyopatana watu wa sokoni. Imbabura imetolewa chumbani na inapikiwa uani. Mtoto halali tena peke yake kwenye kikapu, anakaa kifuani kwa mama yake, na mama mkwe mwenyewe humpokea zamu akajifunga naye kitenge. Mimi nimenunua blanketi la pili kwa hela ambayo ingenunua mkaa. Kuhusu gunia la dirishani, alikubali litoke mchana, usiku lirudi. Nimechukua mchana. Usiku tutaujadili nikirudi Muyinga.