Buni

Mbozi ilikuwa bado Mkoa wa Mbeya, kabla ya Songwe kuanzishwa 2016, nilipoandika habari yangu ya kwanza ya kilimo. Ilihusu chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha kahawa ingali mbichi mtini. Taarifa niliyopewa ilikuwa ya Kiingereza, na neno "berry" lilijaa kila mstari. Nikalitafsiri haraka haraka: matunda madogo. Habari ikasomwa redioni, nikatembea kifua mbele.

Baada ya wiki kadhaa nikakutana na mzee mmoja, mkulima. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, ulisema matunda madogo. Ya kwangu yalishakua, nikaona hayanihusu. Nimechelewa kupiga dawa. Kwani buni huijui?"

Buni naijua, tena imo ndani ya jina la ugonjwa wenyewe! Ila sikuiona, macho yalikuwa kwenye Kiingereza.

Na hicho Kiingereza nacho kina mambo yake. Kwa mtaalamu wa mimea, nyanya za Ilula kule Iringa ni beri. Ndizi na parachichi za Tukuyu pia. Stroberi, yenye jina hilo hilo, siyo. Sisi hatuna neno moja la kuzikusanya zote; tuna zabibu, forosadi, buni, kila moja na jina lake. Zamani niliuita huo umaskini wa lugha.

Mzee alipoteza sehemu ya mavuno yake. Siku hizi nikikwama kwenye neno, kabla ya kufungua kamusi nampigia simu mwenye shamba.