Jezi Haifungi Bao

Kuupenda mji uliozaliwa ni jambo la maumbile, wala halina haja ya mwalimu. Mtume wetu, rehema na amani ziwe juu yake, alipolazimika kuihama Makka hakutoka kwa furaha. Aliugeukia mji ule akaueleza mapenzi yake, na lau si watu wake kumtoa asingetoka. Kwa hiyo mimi simlaumu kijana wa Tanga anaposema kwamba Coastal Union ni timu yake kwa kuwa Tanga ni kwao. Humsikiliza, kwani katika maneno yake mna mambo mawili yaliyochanganyika, moja jema na moja ovu. Wazee wengi twafanya kosa hapa: ama twayatupa yote mawili, ama twayaacha yote mawili.

Ninaye mjukuu, mtoto wa binti yangu, aliyesoma chuoni kwangu tangu udogo wake. Rafiki zake wengi ni Simba au Yanga, timu za Dar es Salaam zilizoanza katika miaka ya 1930, na wengine wamejifunga na timu za Uingereza ambazo hata viwanja vyake hawajapata kuviona. Yeye hakutaka. Siku moja nilimwuliza sababu, akanijibu: "Babu, kwani mtu humchagua mamake kwa kutazama nani ana fedha?"

Jibu lile lilinipendeza, maana nalijua lilivyomgharimu. Sisi wa makamo yangu tuliiona Coastal ikitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na siku zile kuipenda hakukuwa kazi. Mwaka 2016, timu zote tatu za Tanga zilizokuwa Ligi Kuu, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka daraja kwa msimu mmoja. Mjukuu wangu alikuwa na miaka 13. Watu wengi waliacha kwenda Mkwakwani, naye akawa akienda, mpaka Coastal iliporudi Ligi Kuu mwaka 2018. Mwenye kuipenda timu siku ya kombe tu huyo si mpenzi, ni mgeni wa karamu. Na mtoto aliyejifunza kutouacha mji wake katika unyonge, huenda kesho asimwache mzazi wake katika uzee, wala mkewe katika maradhi. Hilo ndilo jema.

Sasa tulitazame la pili. Kijana huyu alikuwa na taratibu zake za siku ya mpira, nami nilizijua zote. Akivaa jezi moja tu, wala haifuliwi maadamu timu haijafungwa. Akipita njia ile ile kwenda uwanjani, akinywa kahawa kwa muuzaji yule yule, akikaa mahali pale pale, na aliyemtangulia kukaa hapo humwomba aondoke. Mambo haya yakituchekesha nyumbani, na mamake akimwita "mganga wa Coastal". Lakini kicheko kina mwisho wake.

Tarehe 2 Julai 2022 Coastal ilicheza na Yanga huko Arusha, fainali ya Kombe la Shirikisho. Siku moja kabla yake, binti yangu aliiona jezi imetundikwa ukutani inanuka jasho, akaifua, akaianika, akaikunja vizuri amfurahishe mwanawe. Mchezo ukawa mkali. Kijana Abdul Suleiman Sopu aliifungia Coastal mabao 3 peke yake, mkawa 3 kwa 3, kisha Yanga ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Mjukuu wangu alirudi nyumbani usiku, akampandishia mamake sauti: "Ni wewe uliyetufungisha!" Akakikataa chakula chake, na siku mbili hakumwamkia.

Ndugu msomaji, tazama jambo dogo linavyokua. Ilianza jezi, ikaishia kwa mama.

Nilimwita barazani. Akanishika mkono, "Shikamoo babu," nikamwitikia, nikamkalisha. Sikumtukania timu yake. Nilimkumbusha tu kisa alichokisoma kwangu: Mtume alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahimu, na siku ile ile jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume, naye yumo katika majonzi ya mwanawe, aliwakataza. Aliwafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Nikamwuliza: "Ikiwa jua halikupatwa kwa kufa mtoto wa Mtume, penalti ya Arusha itakoseka kwa sabuni ya mamako Tanga?"

Aliinama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Lakini babu, nimeumia." Nikamwambia kuumia si haramu. Masahaba nao waliumia. Mtume alikuwa na ngamia jike akiitwa Adhbaa, asiyepata kushindwa mbio. Akaja bedui na ngamia wake kijana, akampita. Masahaba wakaona uchungu, na Mtume aliujua uchungu wao. Aliwafunza kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kutokipandisha kitu cha dunia ila hukishusha. Hakumtafuta mchawi, wala hakuuliza nani alimfua ngamia. Wazee wetu nao walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Aliondoka barazani akaenda jikoni. Aliyomwambia mamake sikuyasikia, wala sikuyauliza. Chakula cha usiku walikula pamoja.

Basi taratibu za siku ya mpira tuzipime kwa mizani. Ziko zinazounga watu: kuwapitia jirani mwende pamoja, kugawana karanga na kahawa, kumshika mkono mzee asiyeona vizuri mkampa habari za uwanjani. Hizi tuzilinde. Ziko za mazoea tu, kama kupenda kiti fulani. Hizi hazina neno, maadamu moyo haukuzitegemea. Na ziko zinazomweka mtu mbali na Mola wake: kuamini mkosi wa nguo au wa mtu, na mbaya kuliko hayo, timu kuruka ukuta kwa kuogopa kilichofukiwa mlangoni, na kuwalipa waganga fedha ambazo zingewanunulia watoto viatu vya kuchezea. Huo ni ushirikina, ingawa umevaa jezi.

Na iko taratibu moja inayosahauliwa. Michezo yetu mingi huanza saa 10 jioni, na wakati wa alasiri ndio huo. Kijana hukumbuka jezi, hukumbuka njia, hukumbuka kiti, kisha akasahau sala. Nawe mzazi, usimwambie "acha mpira". Mwambie: "Ukitoka nyumbani chukua udhu wako, sala ikiingia mtafute msikiti wa karibu, kisha nenda kashangilie." Atakusikia, kwa kuwa hukumnyang'anya mji wake.

Tena tumfunze kwamba anayeshabikia African Sports ni jirani yake. Watazikana, wataozana, na watasimama safu moja msikitini. Mapenzi ya mji yanayomfanya mtu amchukie jirani wa mji ule ule, hayo yamepotea njia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu, awape mapenzi yasiyogeuka siku ya kushindwa, na nyoyo zisizotegemea ila Yeye. Amin.