Si Kila Kinachovuja ni cha Kuziba



Leo hatuna habari ya mishono wala udi. Tunataka kuzungumza juu ya hita ya maji, na jambo tulilolifanya kwa kuona haya, nusura lituletee msiba.

Wanaotujua wanajua sisi ni ndugu wawili, tunashona nguo za harusi na kuwaandaa mabibi harusi hapa hapa nyumbani, Unguja. Bibi harusi akishasingwa anataka maji ya moto ya kutosha, hasa wakati wa kipupwe. Ndiyo maana tuliweka hita ya lita 80 bafuni. Na kwa kuwa maji ya mfereji hayaji kila saa, tuna tangi kubwa na pampu. Fundi aliyefunga pampu aliweka vavu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, na pembeni ya hita akafunga tangi dogo la buluu. Hatukuuliza kazi yake. Tulilipa, tukashukuru.

Mwezi uliopita hita ikaanza kudondosha. Kila tukiwasha, ile paipu ndogo ya vavu ya usalama inatoa tone, tone, tone, mpaka sakafu inalowa. Wageni walikuwa wanakuja, mama wa bibi harusi na mashangazi zake, tukaona aibu. Tukamwita kijana mmoja wa karibu. Akaangalia, akaziba mdomo wa paipu kwa kizibo cha chuma, akakaza. Pakakauka. Tulifurahi, tukampa na maandazi.

Alhamisi bibi harusi akaja. Wakati tunamsinga akaanza kulia, machozi tu bila sauti. Tukamwambia maneno yale yale tuliyoambiwa sisi: nyamaza mdogo wetu, bibi harusi halii, mambo ni kuvumilia. Akanyamaza. Akaingia kuoga.

Siku ya pili tukifungua maji ya moto yanaruka kwa kishindo, kisha yanatulia. Hita nayo inalia kama bati linalopata jua. Hapo tukaogopa, tukampigia simu yule fundi wa mwanzo, mtu mzima. Alikuja baada ya sala ya Ijumaa. Alipoona kile kizibo hakumaliza hata salamu. Alizima umeme, akafunga maji yanayoingia, akafungua mfereji wa moto presha itoke.

“Nani kaziba hapa, wanangu?”

Tukainamisha vichwa.

Akatueleza taratibu. Maji yakipata moto yanatanuka. Lita 80 zikifika nyuzi 60 zinaongezeka kiasi cha lita moja hivi, na lita hiyo lazima ipate pa kwenda. Kurudi nyuma haiwezi, vavu inazuia. Pa kwenda ni kwenye lile tangi dogo. Ndani yake mna mpira, upande mmoja maji, upande wa pili upepo. Maji yakitanuka yanausukuma mpira, na upepo unakubali kubanwa.

Akabonyeza pini ya kujazia upepo, mfano wa ile ya gurudumu la gari. Ukitoka upepo, mpira ni mzima. Kwetu yalitoka maji. Mpira ulikuwa umepasuka, na vavu ya usalama ilikuwa inafanya kazi yake, inatoa kilichozidi. Sisi tukaiziba. Na kile kifaa cha kukata moto nacho kingeharibika, maji yangeendelea kupata moto yakiwa yamefungiwa, na hita ingeweza kupasuka kama bomu. Na mtoto wa watu alikuwa ndani anaoga.

Tukanunua tangi jipya la ukubwa ule ule na vavu mpya ya usalama. Pampu yetu inasukuma kwa presha ya 35, basi kabla ya kulifunga tangi akalijaza upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka kipimo kikasoma 35. La zamani alilifungua kwa spana mbili, moja imeshika paipu isijisokote. Likatoka zito, limejaa maji. Akazungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi, akafunga jipya. Kizibo akatupa. Akafungulia maji na kuuacha mfereji wa moto wazi mpaka hewa yote ikatoka, ndipo akawasha umeme, maana hita ikiwashwa tupu inaungua. Tukasubiri. Pakabaki pakavu, safari hii kwa haki.

Usiku ule hatukulala vizuri. Mtume (S.A.W.) alimfundisha yule mtu amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Sisi tulitegemea kizibo.

Jumamosi bibi harusi alirudi na mama yake. Tukamweleza mama yote yaliyotokea, tukamwomba radhi. Alitutazama kimya muda mrefu, kisha akasema, “Alhamdulillahi.” Halafu tukakaa na binti peke yetu, tukamuuliza: juzi ulikuwa unalilia nini? Alitaka kumaliza chuo, umebaki mwaka mmoja, na hakuna aliyemwambia mume mtarajiwa. Alikuwa anaogopa kuonekana mkaidi. Neno likafika kwa baba yake, likazungumzwa na upande wa pili kabla ya nikaha. Wakaelewana.

Ni kweli wazee wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini, dada zetu, si kila kinachovuja ni cha kuziba. Mkiona vavu ya hita inadondosha, msiizibe; iteni fundi alitazame tangi. Na mkimwona bibi harusi analia, msikimbilie kumnyamazisha. Muulizeni kwanza.

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na watoto wetu. Amin.

Wassalaam.