Tajiri wa Augsburg na Nyumba za Maskini

Katika mji wa Augsburg, nchi ya Ujerumani, uko mtaa mdogo wenye kuta na malango, jina lake Fuggerei. Wakaao humo ni Wakatoliki maskini wa mji huo, wapata 150. Kodi yao ya mwaka mzima ni senti 88 za euro. Tena kila mkaaji ana wajibu wa kusali kila siku Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki kwa ajili ya aliyeujenga. Mkataba huo uliandikwa mwaka 1521, nayo kodi haijapandishwa hata leo: zamani ilikuwa gulden moja, ndiyo hizo senti 88.

Aliyejenga ni Jakob Fugger. Alizaliwa mwaka 1459, mjukuu wa mfumaji wa nguo. Jamaa yake ilimwekea njia ya Kanisa, akapewa nafasi ya ukanoni pale Herrieden (sisi tuliopita seminarini twatabasamu kidogo tukisoma hayo), lakini akaitwa arudi kwenye biashara. Akawakopesha fedha watawala wa Tyrol, nao wakamlipa kwa mazao ya migodi yao. Baadaye akashika na shaba ya Hungaria. Sisi wa nchi ya shaba hatuhitaji kuelezwa sana maana ya jambo hilo. Mwaka 2008, katika mchanga wa pwani ya Namibia, yalionekana mabaki ya meli ya Wareno iliyozama mwaka 1533, na ndani yake vipande zaidi ya 1,800 vya shaba vyenye alama ya nyumba ya Fugger, mkuki wa ncha tatu.

Mali hiyo ilifika mbali. Mwaka 1519 Karolo wa Tano alipotaka kuchaguliwa kuwa mfalme wa Wajerumani, Fugger alitoa florini zaidi ya 543,000 ili wachaguzi wavutwe upande wake. Na mwaka 1523 akamkumbusha kwa barua kwamba bila yeye asingalipata taji. Hata habari ya kusikitisha ya rehema mwaka 1517 yamhusu: Askofu Mkuu wa Mainz alikuwa na deni lake, na nusu ya fedha za waamini ilikwenda kulilipa.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu hayo, mmoja akauliza: «Mwalimu, je, mtu aweza kununua mbingu kwa nyumba 52?» Ndizo zilizokuwa zimekwisha jengwa mwaka 1523. Nikamwambia kwamba hukumu hiyo si yetu, bali kazi yenyewe twaweza kuitazama. Naiona njema kwa sababu haikumdhili mtu. Kila jamaa ilipewa mlango wake wa kuingilia, walio chini na walio juu. Vipini vya kengele vilitofautishwa kwa umbo, hata mtu arudiye gizani aujue mlango wake kwa kupapasa. Tena gulden ile ilikuwa kama mshahara wa fundi kwa juma moja, kiasi ambacho maskini mwenye kufanya kazi aliweza kulipa, naye akaitwa mpangaji, si mwombaji. Fransi Mozart, mwashi, baba wa babu wa yule mtunga muziki mashuhuri, alifia humo mwaka 1694. Mabomu ya mwaka 1944 yalibomoa sehemu kubwa, nao warithi wakajenga tena.

Walakini nyumba hizo zilitoka katika faida, na faida ilitoka chini ya ardhi. Mwaka 1525, ndio mwaka aliokufa Jakob, wachimbaji wa Hungaria waliasi kwa ajili ya mishahara yao. Mkataba wa 1521 wawataja Jakob na ndugu zake, wachimbaji haukuwataja. Basi siku ile, kabla ya kutoka darasani, tulisali Salamu Maria moja kwa ajili yao.