Vitabu Sita na Elfu Tatu za Mama

Ukiiangalia vizuri ile picha niliyoweka mtandaoni, ile ya vitabu sita vipya juu ya kitanda, utaona kwenye kona ya juu pindo la leso ya bluu. Watu waliipenda hiyo leso. Mmoja akaniuliza nimeitoa wapi, eti inaendana na jalada la Binti. Sikumjibu. Leso ni ya Mama. Wakati napiga picha Mama alikuwa bafuni akijimwagia maji baada ya kusafiri usiku kucha kutoka Mariakani, na mimi nilikuwa nakimbizana na muda nimalize kabla hajatoka.

Wacha nianzie Jumanne. Mama alinipigia akaniomba elfu tatu. Bibi ana mtoto wa jicho, jicho la kushoto haoni tena ila mwangaza, na alikuwa amepewa siku ya kliniki. Nikamwambia sina, Mama, nivumilie mpaka mwisho wa mwezi. Jumanne hiyo nilikuwa nasema kweli kabisa. M-Pesa ilikuwa na mia mbili na kumi, na tokeni ya stima ilikuwa imeanza kupiga kelele.

Alhamisi mteja mmoja aliyekuwa amenizungusha miezi mitatu akalipa. Elfu kumi na nane na mia nne, zote kwa mpigo. Ijumaa nikapanda matatu nikaenda tao.

Najua unachofikiria. Hata mimi nilikifikiria, pale kwenye ngazi za duka la vitabu. Lakini kuna aina ya umaskini unaokufanya ukipata pesa utake kitu kimoja ambacho si unga wala kodi, kitu cha kukuonyesha kwamba wewe bado ni mtu. Wengine hununua viatu. Mimi nikajiambia naingia kuangalia tu.

Cha kwanza kilikuwa The House of Rust cha Khadija Abdalla Bajaber. Hicho nilikuwa nimekitamani tangu kitoke 2021. Ni hadithi ya Aisha, msichana wa Mombasa ambaye babake mvuvi anapotea baharini, naye anaingia kwenye chombo cha mifupa kwenda kumtafuta, akisindikizwa na paka anayesema. Wenzangu wa Nairobi wakisoma hivyo husema waa, fantasia. Mimi nimelelewa Pwani. Kwetu ukimwaga maji ya moto usiku unapiga hodi kwanza, usije ukamuunguza jirani usiyemwona. Sijui kama hicho ni kitabu cha fantasia au ni umbea wa mtaani ulioandikwa vizuri sana.

Halafu nikachukua Binti cha Nnedi Okorafor, kwa sababu ya jina, nitasema nini. Msichana Mhimba anatoroka kwao usiku kwenda chuo kikuu kilichoko sayari nyingine, hajaaga, amejipaka udongo wake mwekundu, na jina lake ni neno ambalo wanawake wa sokoni wamekuwa wakiniitia tangu nianze kutembea. Ni kijitabu chembamba ambacho unaweza kukimaliza ukiwa kwenye jam ya Thika Road. Nikaongeza The Fifth Season cha N.K. Jemisin, maana seti yake yote ilishinda tuzo ya Hugo, kitabu baada ya kitabu, 2016 hadi 2018, na nimechoka kusikia watu wakikizungumzia mimi nimenyamaza.

Cha nne kilikuwa Parable of the Sower cha Octavia Butler. Hapa acha nikae kidogo. Butler alikitoa mwaka 1993, na shajara ya Lauren, yule msichana anayesimulia, inaanza tarehe 20 Julai 2024. Amerika imekauka, maji ni ghali, watu wanajifungia nyuma ya kuta. Julai 2024 ya kweli mimi nilikuwa ndani ya bedsita yangu Roysambu, macho bado yananiwasha kwa gesi ya Juni, nikihesabu marafiki waliokuwa wamejibu meseji na wale ambao bado. Mtu akanitumia picha ya ule ukurasa wa kwanza, tarehe imezungushiwa wino mwekundu. Tangu siku ile nilijua nitakinunua. Nilichokuwa sijui ni kwamba ningekiogopa.

Vinne hivyo vikafika elfu sita mia nne na ishirini. Vitabu hutozwa ushuru wa asilimia 16 tangu 2013, kwa hivyo sehemu ya pesa za jicho la Bibi ilienda serikalini. Hiyo ni hesabu niliyoifanya baadaye.

Nikitoka nikapita kwa inama, wale wa kando ya barabara ambao lazima upinde mgongo ndiyo uone walicho nacho. Nikapata A Wizard of Earthsea cha Ursula Le Guin, jalada limeliwa na jua, mia mbili. Na chini ya rundo la vitabu vya marudio ya KCPE, mitihani ambayo hata haipo tena, nikaona Walenisi cha Katama Mkangi. Mia moja na hamsini. Ukweli ni kwamba nilikichukua ili picha ipendeze. Nilitaka kiwemo kimoja cha Kiswahili, watu wasiseme.

Jumamosi alfajiri simu ikalia. Ni Mama, yuko steji, amekuja harusi ya mtoto wa shangazi kule Kayole, na harusi yenyewe ni mchana, kwa hivyo anapitia kwangu kwanza kuoga. Akafika na nazi nne, mfuko wa embe na ile leso begani. Akaitupa kitandani, akaomba maji ya moto.

Mengine unayajua. Mwanga wa asubuhi ulikuwa mzuri. Nikapiga picha, nikaituma, na nilikuwa bado nasoma maoni ya kwanza Mama alipotoka bafuni.

"Hivi ni vya shule?"

"Hapana, Mama. Ni hadithi."

"Hadithi za nini?"

"Za uchawi. Na vyombo vya kwenda angani. Na…"

"Majini."

"Na majini."

Akakaa. "Umevinunua pesa ngapi?"

"Mia mbili mbili. Ni vya inama."

Mama ana duka la nafaka. Akachukua The Fifth Season, akakigeuza, na hapo nyuma, juu kabisa, kulikuwa na stika ya bei. Elfu moja mia tano na tisini. Akakiweka chini polepole. Akageuza cha pili. Akageuza cha tatu na cha nne. Midomo yake ilikuwa ikitikisika kama akiwa anapima mahindi.

"Elfu sita, mia nne na ishirini," akasema. "Hivi viwili havina bei."

Katika Earthsea kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua ana nguvu juu ya kitu hicho. Mama ana majina yangu mawili. La ubatizo ni la siku za kawaida. La pili ni la marehemu mamake baba, na nimelisikia kama mara tano tu maishani. Akaniita hilo.

"Abee, Mama."

"Hukuniuliza, lakini bibi yako alienda kliniki jana. Pesa nilikopa kwa chama."

Nilitamani anigombeze. Ningejua la kufanya. Badala yake akaangalia ile rafu yangu juu ya jiko la gesi, akauliza, "Na vile umevisoma?" Nikasema baadhi. Akauliza vingapi bado. Nikahesabu kweli, kwa kidole, kwa sababu uongo mmoja ulikuwa umetosha kwa asubuhi moja. Kumi na tisa. Kumi na tisa bado, na nilikuwa nimenunua sita.

Sina maneno ya kujitetea. Nimewahi kusoma makala zinazosema kununua vitabu na kusoma vitabu ni burudani mbili tofauti, na nikazituma kwa marafiki nikicheka. Jaribu kumsomea makala hiyo mwanamke aliyekopa kwa chama.

Mama akapekua kile kirundo bila kusema. Vya Kiingereza alivipita. Aliacha shule kidato cha pili, na Kiingereza chake ni cha risiti na barua za mkuu wa shule. Alipofika Walenisi akasimama.

"Huyu Mkangi si ndiye alifungwa enzi za Moi?"

Ndiye. Aliwekwa kizuizini 1986, miaka miwili baada ya kuchapisha Mafuta. Hayo niliyatafuta baadaye kwenye simu. Mama hakuhitaji simu. Alikumbuka watu wazima wakishusha sauti wakilitaja jina lake, naye akiwa msichana anayechota maji na masikio wazi. Alikuwa hajui kwamba aliandika kitabu cha watu kurushwa angani. Akafungua, akaanza kusoma akiwa amesimama, taulo bado kichwani. Dzombo amehukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo kiende kummaliza, na chombo kinamfikisha nchi nyingine. Mama akalisoma jina la nchi hiyo kwa sauti, mara mbili, mara ya pili akilikata vipande: wale, ni, sisi.

"Kumbe," akasema.

Alipomaliza kuvaa nguo za harusi akakitia kwenye mkoba wake, kati ya zawadi na kitambaa cha kutolea jasho. Nikamwangalia.

"Hiki kinakaa rehani," akasema. "Ukileta za bibi yako, utakipata."

Jumatatu nikamtumia elfu tatu. Akajibu kwa meseji: Zimefika. Riba ya chama ni mia tatu. Nikatuma mia tatu. Jioni nikampigia kuuliza kama atanitumia kitabu changu na basi.

"Bado tunasoma," akasema.

"Nyinyi na nani?"

"Namsomea bibi yako baada ya isha. Amesema nisikimbie."

Nyuma yake nilisikia Bibi akiuliza kwa Kigiriama ni nani huyo anayekatiza.

"Mmefika wapi? Huko Walenisi kukoje?"

Mama akacheka, kicheko ambacho sikukisikia Jumamosi. "Tafuta chako," akasema, akakata.

Nimerudi kwa yule wa inama. Anasema hajaona kingine, nipite Alhamisi akifungua gunia jipya. Akanionyesha vingine vitatu vizuri sana, na nilikuwa na nauli tu mfukoni, kwa makusudi. Jana usiku nimeanza Parable of the Sower. Niko ukurasa wa arobaini.